Maji kwenye kompyuta: jibu langu kwa wanaocheka na wanaotaka kuiga



Najua nimepotea. Majaribio ya katikati ya muhula yalinibana, halafu kuna jambo lilitokea chumbani kwetu ambalo sikuwa na hamu ya kuliandika. Leo naliandika, maana nimechoka kulijibu kidogo kidogo kwenye foleni ya kantini.

Swali lenyewe ni hili: ile kompyuta yako ya maji ina faida gani? Wanaouliza ni wa aina mbili. Kuna wanaocheka, wale walionibatiza jina la Mwalimu Rejeta. Na kuna wanaotaka kuiga. Wiki iliyopita vijana wawili wa mwaka wa kwanza walinigongea mlango saa tatu usiku, bumu ndiyo kwanza limeingia, wakaomba orodha ya vifaa na bei zake. Sikuwapa. Niliwaambia nitaandika kwanza, wasome, halafu wakitaka bado waje.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kama unataka kasi, usijenge. Kama unataka kuelewa joto, jenga, lakini usiweke kazi ya mtu mwingine ndani yake. Hilo la mwisho nimelijua kwa gharama.

Tuanze mwanzo. Mashine yangu ni mtumba. Ndani ina prosesa ya Intel i5-2500K, toleo la mwaka 2011, kwa hiyo ni bibi kabisa. Niliinunua kwa sababu ya hiyo herufi K. Iko hivi: kwenye madabodi kuna saa ya msingi inayopiga megahezi 100, na prosesa inapata kasi yake kwa kuzidisha. Mia moja mara 33 ni 3,300, yaani gigahezi 3.3. Prosesa nyingi kizidisho chake kimefungwa juu, huwezi kukipandisha. Yenye K kiko wazi, ukiwa na madabodi inayoruhusu unaingia BIOS, unafuta 33, unaandika 44, na umepata 4.4 bila kuongeza hata shilingi. Hiyo ndiyo ovakloki. Kama unatumia zile mashine za ofisini za mtumba zilizojaa Kariakoo, angalia kwanza, nyingi hazina K, utahangaika bure.

Zamani mchezo huu ulikuwa wa watu wenye mfuko mdogo, na ulikuwa na akili ya kiuchumi. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini, megahezi 300. Watu wakagundua kwamba ukibadilisha saa ya madabodi kutoka 66 kwenda 100, nyingi zilikwenda megahezi 450 bila kulalamika, yaani sawa na Pentium II ya 450 iliyouzwa bei mara kadhaa. Hapo ulikuwa unaokoa hela kweli. Ila siku hizi hesabu imegeuka. Tangu Intel walipoleta Turbo Boost mwaka 2008, prosesa zinajipandisha zenyewe zikiona kuna nafasi. Akiba uliyokuwa unaiiba wewe, kiwanda kimeshaitumia. Kinachobaki ni kidogo, na bei ya kukipata ni joto.

Hapa naomba wasomi wa Sanaa mnivumilie aya moja tu. Umeme unaoliwa na prosesa unakwenda sambamba na kasi, na unakwenda sambamba na volti mara volti. Mimi nilitoka gigahezi 3.3 kwenda 4.4, ongezeko la theluthi moja. Lakini ili isigande ikabidi nipandishe volti kutoka 1.20 hadi 1.32, ongezeko la asilimia 10. Zidisha: 1.33 mara 1.1 mara 1.1. Jibu ni 1.61. Umeona? Kasi imeongezeka asilimia 33, joto asilimia 61. Intel waliipangia wati 95, mimi kwa hesabu ya karatasi nikawa na wati 153, kwenye kipande kidogo tu cha silikoni.

Na msidhani hilo ni tatizo la masikini wa hosteli. Intel wenyewe walikuwa wanakimbiza Pentium 4 kuelekea gigahezi 4, mwaka 2004 wakafika 3.8 na mwaka huohuo wakatangaza kwamba ya 4 hawaitoi. Joto lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowakwamisha. Mwaka uliofuata wakaanza kuuza prosesa zenye viini viwili. Kwa hiyo ukiona simu yako ina viini vinane, jua joto limechangia.

Basi bwana, feni ya kawaida ilizidiwa. Mchana wa Februari, chumba kina nyuzi 31, tupo wanne ndani na dirisha moja. Mashine ikiwa kwenye kasi yake ya kawaida tu, ukiipa kazi nzito ilifika nyuzi 78. Nilipopandisha ikagusa tisini na kitu, ikaanza kujipunguza yenyewe kasi. Ndipo likanijia wazo la maji.

Vifaa vyenyewe vya kupozea kwa maji vinauzwa tayari, ila bei yake ni bumu na robo. Nikasoma kwamba wenzetu wa Ulaya na Marekani, miaka ya mwisho ya tisini, kabla vifaa havijajaa madukani, walitumia rejeta ndogo ya hita ya gari. Nikacheka peke yangu. Magari mengi yanayoingia bandarini kwetu yametumika Japani, kule baridi ipo, kwa hiyo yana hita. Hapa Dar nani anawasha hita? Zimekaa humo kwenye dashibodi hazijawahi kufanya kazi tangu zishuke melini.

Nikaenda Gerezani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Gari gani?"

"Siyo gari, ni kompyuta."

Mzee akaninyamazia kidogo, akaweka spana chini. "Imechemsha?"

"Bado, fundi. Ndiyo naizuia isichemshe."

Akawaita wenzake watatu waje wamwone mwalimu mwenye kompyuta inayochemsha. Wakacheka wee, lakini akanitafutia rejeta ya hita ya gari la zamani, ya shaba, kwa 20,000. Kabla ya kunipa akaziba upande mmoja kwa kidole, akaizamisha kwenye beseni, akapuliza upande wa pili kwa mpira. Hakuna povu. "Ukifika kwako fanya hivi hivi kila baada ya kufungua," akaniambia. Hilo somo la beseni limeniokoa mara mbili.

Pampu nikachukua ya tangi la samaki, 30,000. Bloku ya kukaa juu ya prosesa niliagiza kwa jamaa anayeleta mizigo kutoka China, ya bei rahisi, 18,000. Mipira na vibanio 12,000, kulanti 10,000. Nikafunga kila kitu nje ya mashine kwanza, nikatandaza magazeti chini ya kila kiungo, nikawasha pampu peke yake ikazunguka usiku kucha. Asubuhi gazeti moja lilikuwa na doa. Nikakaza kibanio, nikarudia. Usiku wa pili magazeti yote makavu. Ndipo nikafunga kwenye mashine.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilinifundisha kuliko kozi nzima ya joto. Nilidhani maji yanapoza. Sote tunadhani hivyo. Nikapima pampu kwa jagi la lita moja na saa ya simu, ikajaza kwa sekunde 30. Yaani lita mbili kwa dakika, gramu 33 kila sekunde. Gramu moja ya maji inahitaji takriban jouli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Kwa hiyo maji yanayopita kila sekunde yanabeba jouli 140 kwa kila nyuzi, na prosesa inatoa 153. Maana yake maji yanaingia kwenye bloku na kutoka upande wa pili yakiwa yamepanda nyuzi moja na kidogo tu! Ukiweka kidole kwenye mpira wa kuingia na wa kutoka huwezi kuona tofauti. Nilifikiri nimekosea kufunga. Kumbe ndivyo inavyotakiwa.

Maji ni mchukuzi tu. Yanabeba mzigo kutoka hapa yanautua pale. Anayepoza ni hewa inayopita kwenye rejeta, na hewa yenyewe ni ya chumba chetu, nyuzi 31. Ufanye ufanyavyo, maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayoyapoza. Yangu yalitulia kwenye 39 na prosesa kwenye 68. Ni ushindi, nakubali. Lakini lile joto halijapotea, limehamia chumbani, na wenzangu watatu ndio waliolala nalo. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kitoto. Bloku ile ya bei rahisi ilikuwa ya aluminiamu, rejeta ni ya shaba. Metali mbili tofauti, ndani ya maji yanayozunguka. Nani hajui kinachotokea? Mimi mwenyewe niliandika jibu hilo kwenye mtihani wa kemia nikapata alama zote. Halafu nikarudi chumbani nikatengeneza betri kwenye kompyuta yangu. Tena nilibania kulanti, nikachanganya na maji ya bomba. Baada ya miezi mitatu maji yakawa na rangi ya kijivu, nilipofungua bloku nikakuta unga mweupe na vishimo. Nikaagiza ya shaba, 55,000.

Jumla, kwa wale wawili wa mwaka wa kwanza: 145,000. Prosesa na madabodi sijahesabu.

Faida je? Nilikuwa na video ya saa nzima ya zoezi letu la kufundishana darasani. Kuibana ili iingie kwenye flashi ilichukua dakika 40 kabla, baada ya hapo dakika 31. Dakika tisa. Kufungua hati ya kuandika: tofauti sifuri. Kuwasha mashine: sifuri. Baadaye nikaweka SSD ya gigabaiti 120 kwa 40,000, mashine ikaanza kuwaka kama taa. Shilingi elfu 40 zilifanya kile ambacho 145,000 hazikufanya. Kwa hiyo nyie mnaocheka, kwenye hela mko sahihi. Nimekubali, andikeni tarehe.

Tungeishia hapa ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Sasa lile jambo.

Mwenzangu mmoja wa chumba anafanya utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Alikusanya madodoso 118 kwenye shule mbili za sekondari, akawa anayaingiza kwenye SPSS. Laptopu yake ilikuwa imekufa, akaniomba atumie mashine yangu. Nikamwambia karibu, hii ndiyo mashine kali kuliko zote kwenye jengo hili. Nilisema hivyo kweli, kwa kujigamba.

Mimi wakati huo 4.4 ilikuwa imeshaanza kunichosha. Nilitaka namba kubwa zaidi kwenye programu ya kupima kasi, nikataka na RAM nayo ipande. Kuna mlango wa nyuma: badala ya kupandisha kizidisho, unapandisha ile saa ya msingi. Nikaitoa 100 nikaiweka 107, kizidisho 42. Hiyo ni 4.5 na RAM inapanda pia. Ikawaka. Nikaipa kazi nzito saa nzima, haikuganda. Nikapiga picha ya skrini nikawatumia watu.

Ambacho sikukizingatia, ingawa nilikuwa nimekisoma, ni kwamba kwenye kizazi hiki cha prosesa saa ya msingi haiendeshi prosesa peke yake. Njia ya kwenda kwenye diski nayo inafuata saa hiyohiyo. Ukiisukuma, prosesa inaweza ikawa salama kabisa huku data zinazoandikwa kwenye diski zinakosewa hapa na pale. Mashine inayoganda ni mashine yenye adabu, inakwambia imeshindwa. Inayokosea kimya kimya huku inatabasamu ndiyo hatari.

Siku ya tatu, Ijumaa jioni, jamaa akaniita. "Mwanangu, hili faili linagoma kufunguka."

Nilijua palepale. Nilisikia tumbo linashuka. Na mdomo wangu ukasema: "Itakuwa virusi."

Wadau, hilo ndilo lililonifanya nikae kimya wiki zote hizi. Siyo faili, ni hilo neno. Mtu ninayesomea ualimu, niliyekaa miaka karibu mitatu nafundishwa maadili ya kazi, nimemharibia mwenzangu kazi yake halafu namsingizia mdudu. Usiku wakiwa wamelala nikaamka, nikaingia BIOS kimya kimya, nikarudisha 100.

Nakala aliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya wiki tatu nyuma, yenye madodoso 40. Yamebaki 78, na msimamizi wake alitaka matokeo Jumatatu. Asipopeleka, zamu yake ya kuwasilisha inarukwa. Nikamwambia nitakusaidia. Tukakaa, yeye anasoma karatasi, mimi naandika, usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili. Usiku wa pili, kwenye saa nane hivi, nikashindwa. Nikamwambia, kaka, haikuwa virusi, ni mimi, nilipandisha saa ya msingi.

Hakuinua hata macho. "Nilijua. Virusi gani wa kukuamsha usiku kwenda kurekebisha mashine? Twende, dodoso la 57, swali la nne, jibu B."

Tulimaliza Jumatatu alfajiri. Alipeleka. Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti nisimtaje jina, na niseme wazi kwamba bado ananidai chipsi kuku mbili. Nasema wazi.

Sasa maoni yangu. Nilisema maji yanahamisha joto tu, hayalimalizi. Nimeanza kuona ovakloki nzima iko hivyo. Kasi niliyoipata ililipiwa, na muda mwingi mlipaji hakuwa mimi. Wenzangu walilala na joto langu. Jamaa alilipa kwa karatasi 78. Mimi nilibaki na picha ya skrini. Kujaribu vitu si dhambi, ila anayejaribu ahakikishe bili inakuja kwa jina lake.

Na kwa wanaocheka nina neno pia. Mnaposema nimepoteza muda, mnasema kana kwamba muda wangu mwingine wote darasani ulikuwa na faida. Tuwe wakweli. Wangapi kati yetu tunaosoma Fizikia na Elimu tumewahi kushika kifaa cha joto tofauti na kipima joto? Tunakula madesa, tunayatapika kwenye mtihani, halafu tunapelekwa kufundisha watoto wasio na maabara kwa kutumia madesa yaleyale.

Kwenye fildi mwaka jana nilibeba rejeta na pampu yangu kwenye mfuko wa rambo. Kidato cha tatu, watoto zaidi ya 70. Ndoo ya maji ya moto, pampu, rejeta, feni ya ofisi ya walimu. Tukapima kila baada ya dakika mbili, watoto wenyewe wakaandika namba ubaoni. Maji yakashuka haraka, halafu polepole, halafu yakagoma kwenye nyuzi 29. Kipima joto cha ukutani kilisema 28. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, tukiongeza feni ya pili yatashuka mpaka chini ya hewa?" Darasa likagawanyika, likaanza kubishana lenyewe. Mimi nikaegemea ukuta tu. Swali lile halimo kwenye desa lolote ninalolijua, na ningeulizwa mwaka mmoja kabla ningejibu vibaya.

Kwa hiyo ikiwa 145,000 ni bei ya kompyuta yenye kasi, nimeibiwa. Ikiwa ni bei ya kujua ninachokifundisha, ni karo ndogo. Ila karo ile ya mwenzangu haikuwa halali yangu kuilipisha.

Nyie wawili wa mwaka wa kwanza, masharti ni haya. Anzeni na mashine mbovu ambayo haina kazi ya mtu. Metali ya aina moja, shaba kwa shaba. Pampu na mashine vichomekwe kwenye swichi moja, ili isije ikatokea kimoja kikawaka bila kingine. Magazeti chini, usiku mzima. Chezeni na kizidisho, saa ya msingi muiache kwenye 100. Na kila anayegusa hiyo mashine aambiwe imepandishwa, kabla hajachomeka flashi yake.

Yangu sasa iko kwenye 3.3, kimya kabisa, nyuzi 50 na kitu hata ikifanya kazi nzito. Rejeta bado ipo pembeni ya kitanda. Nimeiacha hapo kwa sababu muhula ujao kuna fildi tena.

Ni hayo tu. Karibuni mnirushie mawe, ila taratibu, kuna mipira ya maji humu.